Ghairi, simamisha, katiza, komesha: vitenzi vya kusitisha kazi sambamba katika kompyuta

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza kwamba jambo lililokuwa likiendelea haliendelei tena: acha, simama, koma, sita, katika, isha, zimika. Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi hupishana bila madhara makubwa. Abiria akimwambia dereva "simama hapo" au "ishia hapo", matokeo ni yale yale: gari litasimama na abiria atashuka. Katika maandishi ya kompyuta hali ni tofauti. Humo kila namna ya kusimama ina utaratibu wake na gharama yake, na mtumiaji aliyesoma kitenzi kisichofaa anaweza kupoteza kazi ya saa kadhaa kwa kudhani kwamba itaendelea pale ilipoachiwa.

Makala haya yanachunguza vitenzi hivyo kupitia tukio moja mahususi, nalo ni kusitisha mapema michakato inayofanya kazi sambamba. Tukio hili limechaguliwa kwa sababu linahitaji karibu vitenzi vyote kwa wakati mmoja, na kwa hiyo linatulazimisha kuvitofautisha.

Kazi yenyewe

Tuchukue mfano ulio karibu na wasomaji wa kamusi. Mtafiti ana mkusanyiko wa matini wenye sentensi 8,000,000, naye anataka kujua iwapo kitenzi "kongamana" kimetumika humo walau mara moja. Tuseme kuikagua sentensi moja huchukua sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde. Mchakato mmoja ukizipitia sentensi zote peke yake utahitaji sekunde 800. Ikiwa kompyuta ina viini 8 vya uchakataji, programu inaweza kuanzisha michakato 8 na kuupa kila mmoja sentensi 1,000,000. Hapo kazi nzima itakwisha kwa sekunde 100 hivi.

Sasa tuseme mchakato wa 3 umelipata neno katika sekunde ya 2. Jibu limekwisha kupatikana, ila michakato 7 iliyobaki haijui. Isipoambiwa lolote, itaendelea kusoma kwa sekunde 98 zaidi, ikitumia umeme na kumbukumbu ya kompyuta bila faida. Ndipo linapozuka swali la mwanaprogramu: tuisitisheje hiyo 7? Na swali la mfasiri hufuatana nalo: tendo hilo tuliiteje?

Majina ya watendaji

Kabla ya vitenzi, tuangalie nomino. Neno "mchakato", la ngeli ya U-I, limekubalika kwa maana ya programu inayotekelezwa, nalo halina utata: mchakato umekoma, michakato imekoma. Hata hivyo, wanaprogramu huitazama michakato inayogawiwa kazi kama watu walioajiriwa, na tafsiri inayozuka mara nyingi ni "mfanyakazi". Udhaifu wake unaonekana pale programu yenyewe inapohusu mishahara au likizo za watu. Sentensi "wafanyakazi wanne wamesimamishwa" inaweza kumshtua msomaji asiye na hatia.

Neno "kibarua" linafaa zaidi. Kibarua huajiriwa kwa kazi maalumu, hulipwa kazi ikiisha, na hana haja ya kujua mpango mzima wa jengo. Asili yake ni "barua": ni karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi za kutwa, kisha jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika. Kisarufi, neno hili lina umbo la KI-VI lakini huchukua upatanisho wa viumbe hai: kibarua amefika, vibarua wamefika. Upatanisho huo haudhuru katika kompyuta, kwa kuwa sitiari nzima imejengwa juu ya mtu anayetenda. Anayewagawia kazi tutamwita "msimamizi". Katika makala haya, basi, tuna msimamizi mmoja na vibarua 8.

Ghairi: kwa kazi ambayo haijaanza

Mtu hughairi safari kabla ya kuondoka. Akiwa njiani na akarudi, tutasema amekatiza safari; akishafika, hapana tena cha kughairi. Kiini cha kitenzi hiki ni kubadili nia, na nia hutangulia tendo.

Maana hiyo inalingana barabara na hatua ya kwanza ya kusitisha kazi sambamba. Mara nyingi msimamizi hawapi vibarua mafungu makubwa tangu mwanzo. Huzigawa sentensi katika mafungu madogo, akayapanga kwenye foleni, na kila kibarua huchukua fungu jipya anapomaliza la awali. Jibu likipatikana, jambo rahisi na salama kuliko yote ni kuyaghairi mafungu ambayo hayajachukuliwa. Katika lugha ya programu ya Python, kazi iliyowekwa kwenye foleni ina amri ya cancel, na amri hiyo hurudisha jibu la "si kweli" ikiwa kazi imekwisha kuanza kutekelezwa. Kwa maneno mengine, lugha ya kompyuta yenyewe inakataa kughairi jambo lililoanza. Tangu toleo la 3.9, la mwaka 2020, msimamizi wa Python anaweza kuamriwa aghairi kazi zote zinazosubiri kwa mkupuo mmoja anapofunga shughuli.

Ni kweli kwamba kitufe cha "Ghairi" kwenye simu na kompyuta nyingi hutumika pia kukatiza kazi iliyo katikati, kama vile upakuaji wa faili. Matumizi hayo yamekwisha kuenea na hapana haja ya kuyapiga vita. Lakini katika mwongozo wa wanaprogramu, ambamo tofauti kati ya kazi inayosubiri na kazi inayoendelea ndiyo hoja yenyewe, "ghairi" lihifadhiwe kwa kazi inayosubiri.

Simamisha: kwa kazi itakayoendelea

Kitenzi hiki ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vingine, kwa sababu kinaonekana kufaa kila mahali. Tukitazama matumizi yake nje ya kompyuta, tutaona kina mipaka. Mtumishi aliyesimamishwa kazi bado ni mtumishi. Anangoja uchunguzi uishe, na huenda akarudishwa. Aliyeachishwa kazi hana tena nafasi ya kurudi. Msomaji wa magazeti anaijua tofauti hiyo vyema, na hapana sababu ya kuisahau anapofungua mwongozo wa kompyuta.

Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, pamoja na Linux, ina ishara iitwayo SIGSTOP. Mchakato ukiipokea hubaki katika kumbukumbu ya kompyuta pamoja na data zake zote, ila hauendi mbele. Ukipelekewa ishara ya SIGCONT, unaendelea pale pale ulipoachia. Huko ndiko kusimamishwa kwa maana kamili.

Linganisha:

1. Vibarua wamesimamishwa ili kompyuta ipoe. Wataendelea baada ya dakika 5.
2. Vibarua wamekomeshwa kwa kuwa jibu limepatikana.

Sentensi ya kwanza ikiandikwa kwa "wamekomeshwa", mtumiaji atadhani kazi imepotea na ataianza upya bila sababu. Ya pili ikiandikwa kwa "wamesimamishwa", atangoja mwendelezo usiokuja. Hasara ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu huenda akaizima kompyuta akiamini kwamba kila kitu kimehifadhiwa.

Katiza na komesha: kwa kazi isiyorudi

Kukatiza ni kuingilia jambo lililo katikati. Mtu hukatiza mazungumzo ya wenzake, nao huweza kumsikiliza, kumjibu, au kumpuuza. Ndivyo ilivyo kwa ishara ya SIGINT, inayopelekwa mtumiaji anapobonyeza vitufe vya Ctrl na C pamoja. Programu hukatizwa, kwa kawaida huishia hapo, lakini mwanaprogramu anaweza kuiandaa iulize kwanza, "Una hakika?"

Kukomesha ni kufikisha jambo mwisho wake. Twakomesha uonevu au tabia mbaya kwa nia kwamba lisirudi. Ishara inayolingana na tendo hili ni SIGTERM, yenye namba 15, ambayo humtaka kibarua amalize shughuli zake na aondoke.

Wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyarwanda watahadhari hapa. Katika lugha hiyo "gukomeza" ni kuendelea, na sauti yake iko karibu mno na "kukomesha" ya Kiswahili, ambayo maana yake ni kinyume kabisa.

Ua: kwa nguvu isiyopingwa

Amri maarufu ya kill katika mifumo ya Unix imewapotosha wafasiri wengi. Jina lake lahusu kuua, lakini kazi yake ni kupeleka ishara tu. Ikitolewa bila namba hupeleka SIGTERM. Ikitolewa kwa jina la STOP husimamisha. Kwa jina la CONT huendeleza. Na kwa namba 0 haipeleki ishara yoyote, bali hukagua tu kama mchakato upo na kama mtumiaji ana ruhusa ya kuupelekea ishara. Kuitafsiri kila mara kwa "ua" ni kufasiri jina na kuliacha tendo.

"Ua" linastahili ishara moja tu, SIGKILL, yenye namba 9. Hii haisikiki kwa mchakato unaouawa, haizuiliki, wala haipuuziki. Mfumo endeshi huuondoa mchakato bila kuupa nafasi ya kuaga. Ishara nyingine yenye sifa hiyo ya kutozuilika ni SIGSTOP, ila ile humwacha kibarua hai.

Kuomba na kulazimisha

Kwa nini tusiwaue vibarua 7 mara tu jibu linapopatikana, tukamaliza? Kwa sababu kibarua anaweza kuwa ameshika kitu. Huenda yuko katikati ya kuandika faili, na faili itabaki nusu. Huenda ameshika kufuli la data ambayo wenzake nao wanaihitaji; akifa nalo, wenzake watangoja milele, na programu itakwama. Mwongozo rasmi wa Python unaonya wazi kwamba kumkomesha kibarua anayetumia foleni ya pamoja kunaweza kuiharibu foleni hiyo hata kwa wengine. Waundaji wa lugha ya Java walifikia hitimisho la aina hiyo mapema. Amri yao ya kuukatisha uzi wa utekelezaji kwa lazima ilitangazwa kuwa isiyopendekezwa tangu toleo la 1.2, la mwaka 1998, kwa kuwa iliyaachilia makufuli ghafla na kuacha data katika hali isiyoaminika.

Njia inayopendekezwa ni kuomba. Msimamizi na vibarua hukubaliana juu ya alama moja ya pamoja. Kibarua aliyepata jibu huiinua alama hiyo, na wenzake huiangalia kila baada ya hatua fulani. Wakiiona imeinuliwa, huweka chini walichoshika na kuondoka wenyewe. Hatua hiyo inahitaji busara. Katika mfano wetu, kibarua akiangalia alama kila baada ya sentensi 1,000, atachelewa kusikia kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde, jambo lisilodhuru. Akiangalia baada ya kila sentensi, sehemu ya muda wake itapotea katika kuangalia tu. Akiangalia baada ya sentensi 500,000, atachelewa hadi sekunde 50, na ombi litakuwa halina maana.

Ombi nalo lina masharti yake. SIGTERM ni ombi kwa kibarua aliyeandaliwa kulisikia. Asipoandaliwa, mfumo endeshi humwondoa papo hapo, na zile sehemu za programu zilizokusudiwa kusafisha mabaki hazitekelezwi. Kwa hiyo mifumo mingi huchanganya njia mbili: huomba kwanza, hungoja, kisha hulazimisha. Docker, ikiamriwa kukomesha kontena, kwa kawaida hupeleka SIGTERM, hungoja sekunde 10, kisha hupeleka SIGKILL. Kubernetes hungoja sekunde 30, isipoelekezwa vinginevyo.

Kwa mfasiri, funzo ni kwamba kitenzi peke yake hakitoshi. Ni vyema kuandika "komesha kwa kuomba" na "komesha kwa lazima" pale ambapo mwongozo unatofautisha njia hizo. Kielezi kifupi humwokoa msomaji na hatari kubwa.

Mnyambuliko hubeba habari

Kiswahili kina faida moja ambayo wafasiri hawaitumii ipasavyo: viambishi vya mnyambuliko humtaja au humficha mtendaji. Tazama jozi hii:

3. Kibarua wa 4 amekoma.
4. Kibarua wa 4 amekomeshwa.

Sentensi ya 3 yasema kwamba aliishia mwenyewe. Sentensi ya 4, kwa kauli ya kutendeshwa pamoja na ya kutendwa, yadokeza kwamba kuna nguvu ya nje. Kompyuta nayo huitunza tofauti hiyo. Mchakato unapokwisha, mzazi wake anaweza kujua kama uliishia wenyewe au uliondolewa na ishara. Kwenye ganda la amri la Linux, namba ya matokeo ya mchakato ulioondolewa na ishara kwa kawaida ni 128 ikijumlishwa na namba ya ishara. Hivyo 143 ni SIGTERM, na 137 ni SIGKILL. Ujumbe wa hitilafu wenye 137 ukitafsiriwa "mchakato umekoma", fundi atatafuta kosa ndani ya programu, ilhali muuaji alitoka nje. Mara nyingi ni mfumo endeshi wenyewe uliopungukiwa kumbukumbu. Silabi chache za mnyambuliko zingempa mwelekeo.

"La kwanza" lipi?

Kuna utata mwingine ambao hauko katika kitenzi, nao unaweza kuifanya programu itoe jibu la uongo. Tuseme swali la mtafiti si tena "je, neno limo?" bali "tokeo la kwanza ni lipi?" Maneno "la kwanza" yana maana mbili hapa: lililopatikana mapema zaidi kwa saa, au lililotangulia katika mpangilio wa matini.

Ikiwa maana ni ile ya kwanza, kibarua yeyote akipata, wote wengine wakomeshwe. Ikiwa ni ya pili, na aliyepata ni kibarua wa 5, basi wa 6, 7 na 8 wakomeshwe, kwa kuwa sentensi zao ziko mbele zaidi. Lakini wa 1 hadi wa 4 lazima waendelee, kwani mmoja wao anaweza kupata tokeo linalotangulia. Anayetunga au kufasiri maelezo ya kazi kama hii aandike wazi "lililopatikana kwanza" au "linalotangulia katika matini".

Yatima na msukule

Mchakato ulioanzishwa na mwingine huitwa mtoto, na aliyeuanzisha huitwa mzazi. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto ni "yatima". Neno hili limetulia na halina mgogoro. Msimamizi akiuawa ghafla kabla ya kuwakomesha vibarua wake, ndivyo wanavyobaki: mayatima wanaoendelea kufanya kazi isiyohitajiwa na mtu.

Mgogoro uko kwa mchakato uliokwisha kufa huku jina lake likibaki kwenye orodha, kwa sababu mzazi hajachukua taarifa ya kifo chake. Kiingereza huuita kwa jina la mfu anayetembea, na wengine wamependekeza "msukule". Pendekezo linavutia, lakini linapotosha. Katika masimulizi yetu, msukule ni mtu anayesadikiwa kufa ilhali anatumikishwa kwa siri. Sifa yake kuu ni kufanya kazi. Mchakato tunaouzungumzia haufanyi kazi yoyote wala hautumii kiini cha uchakataji; umebaki mstari mmoja katika daftari. Anayekaribia msukule ni yule yatima. Kwa huyu mwingine, "mchakato mfu" lingetosha. Dawa yake ni msimamizi kuwangoja vibarua baada ya kuwakomesha, yaani kupokea taarifa ya kila mmoja, ili majina yao yafutwe.

Vipi kuhusu "sitisha"?

Msomaji makini amekwisha kuona kwamba kichwa cha makala haya kina "kusitisha". Kitenzi hiki kina upana unaokifanya kifae kwa jina la jumla na kisifae kwa amri. Kusitisha mapigano mara nyingi ni kwa muda. Kusitisha mkataba mara nyingi ni moja kwa moja. Kwa kuwa muktadha ndio unaoamua, tukitumie tunapotaka kuzitaja namna zote kwa pamoja, na tukiepuke kwenye kitufe ambacho mtumiaji atakibonyeza bila maelezo mengine.

Muhtasari wa matumizi

- Ghairi: kazi iliyo kwenye foleni, haijaanza. "Mafungu 40 yaliyobaki yameghairiwa."
- Simamisha: kazi itakayoendelea pale ilipoachiwa. "Simamisha vibarua hadi usiku."
- Katiza: kuingilia kazi iliyo katikati, yaweza kujibu. "Mtumiaji amekatiza utafutaji."
- Komesha kwa kuomba: kazi imalizwe kwa utaratibu, isirudi. "Jibu limepatikana, vibarua wakomeshwe."
- Komesha kwa lazima, au ua: kazi iondolewe bila nafasi ya kujiandaa. "Kibarua wa 2 hakuitikia kwa sekunde 10, akauawa."
- Ngoja: kupokea taarifa za waliokoma. "Wangoje vibarua wote kabla ya kufunga programu."
- Sitisha: jina la jumla la matendo haya yote.

Mwalimu anayetaka kuitumia orodha hii darasani anaweza kuwapa wanafunzi jumbe za hitilafu za kompyuta wazifasiri, kisha awaulize swali moja kwa kila tafsiri: baada ya kusoma sentensi hii, mtumiaji anajua kama kazi yake bado ipo? Ikiwa hajui, kitenzi kibadilishwe.